Oleini Moja, Majibu Matatu: Kisa cha Bathi Katika Maabara ya Mafuta, Mombasa

Oleini ya mawese, yaani sehemu ya mafuta ya mawese inayobaki kimiminika baada ya kutengwa na stearini (sehemu inayoganda upesi), ikiwa tangini Mombasa, joto la hewa likiwa nyuzi 28 hadi 32, hung'aa bila doa. Chupa ya mafuta hayo hayo ikipandishwa Limuru au Nyahururu wakati wa baridi ya Julai huingia ukungu, kisha mashapo meupe hujikalia chini. Ndiyo maana mnunuzi wa bara hutaka aandikiwe joto la ukungu, yaani joto ambalo mafuta yanayopozwa hupoteza uangavu kwa sababu fuwele za kwanza za stearini zimezaliwa ndani yake. Mkataba wa kisa hiki uliweka kikomo cha nyuzi 10 za Selsiasi, na pamoja nacho asidi huru za mafuta (zilizojitenga na mafuta yenyewe) zisizozidi asilimia 0.10, zikihesabiwa kama asidi ya palmitiki.

Kisa kimepangwa kwa kufundishia. Maabara tumeiweka katika kiwanda cha mafuta ya kula upande wa Changamwe, bila jina. Hitilafu zenyewe hazikubuniwa, na hesabu zote msomaji anaweza kuzirudia kwa kalamu na karatasi.

Mnunuzi alilalamika kwamba shahada ya ubora wa mafuta haikulingana na kipimo chake. Mkuu wa maabara akatoa sampuli ya akiba ya tangi lile, akaigawa, akaiagiza kila zamu ipime upya bila kuona majibu ya wenzake. Yakarudi hivi:

Zamu ya asubuhi: joto la ukungu nyuzi 11.5, asidi huru asilimia 0.03.
Zamu ya mchana: nyuzi 8.6, asilimia 0.05.
Zamu ya usiku: nyuzi 5.8, asilimia 0.09.

Kwa zamu ya asubuhi mafuta yamefeli ukungu na yamefaulu asidi kwa kishindo. Kwa zamu ya usiku ukungu ni mzuri kupita kiasi na asidi imekaribia mpaka. Tangi moja haliwezi kuwa na tabia tatu.

Shaka ya kwanza ilikuwa sampuli yenyewe, na ilikuwa shaka halali. Maabara ina kiyoyozi, na chupa ikikaa usiku kucha kwenye nyuzi 20 stearini huweza kuanza kujitenga. Ukimimina ya juu tu umepima mafuta mengine. Lakini chupa ya akiba ilikuwa imepashwa nzima hadi nyuzi 60 na kutikiswa kabla ya kugawanywa, kwa hiyo hilo likaondoka. Mizani ilikaguliwa kwa mawe ya kusawazishia, ikawa sawa. Hidroksidi ya sodiamu ya kwenye bureti (mrija wenye alama wa kushushia kimiminika tone kwa tone) ilipimwa upya dhidi ya ftalati ya potasiamu iliyokaushwa, nayo ikawa sawa. Vipimajoto vilitumbukizwa kwenye uji wa barafu ya maji yaliyokenekwa vikasoma 0, kisha kwenye maji yanayochemka vikasoma karibu 100. (Hapa pwani kipimo hicho cha pili kinafaa. Nairobi, kwenye mwinuko wake, maji huchemka karibu na nyuzi 94 na fundi asiyejua hukitupa kipimajoto kizima.)

Vyombo vya kupimia vilipotoka safi, kilichobaki ni vile ambavyo hakuna aliyevihesabu kuwa vyombo vya kupimia, yaani bathi, vyombo vya kimiminika au barafu ambamo vitu hutumbukizwa: pipa la kusafishia, bathi ya kupashia na karai la barafu.

Pipa la kusafishia

Dalili ilikuwa imeshatajwa na fundi wa asubuhi, ila haikuandikwa popote. "Mzee, hii spiriti inageuka pinki hata sijaweka mafuta," alikuwa amemwambia mkuu wake, na jibu likawa kwamba labda kiashiria kimezidi. Neno hilo moja lilitosha kutatua nusu ya kisa.

Njia ya asidi huru ni hii: mafuta yaliyopimwa uzito huwekwa kwenye flaski, spiriti iliyokwisha kusawazishwa (isiyobaki na asidi wala alkali yake) huongezwa ikiwa na joto la nyuzi 60 hadi 65, matone ya fenolftalini, kiashiria kinachogeuka pinki palipo na alkali, hutiwa, kisha hidroksidi hushushwa kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya waridi idumu nusu dakika. Maabara hii ilisawazisha spiriti kwenye chupa kubwa, ikaigawa kwenye flaski. Flaski ikiwa na alkali iliyoganda ukutani, spiriti isiyo na rangi huingia na kuwa pinki papo hapo. Alkali hiyo hula asidi ya mafuta kabla bureti haijafunguliwa, na jibu hushuka.

Alkali ilitoka kwenye pipa la plastiki lenye hidroksidi ya potasiamu na isopropanoli, ambamo flaski hulowekwa ili mafuta yaliyoshikamana yageuzwe sabuni. Ni bathi nzuri kwa maabara ya mafuta, huenda ndiyo nzuri kuliko zote, lakini ina nguvu. Kilo moja ya vidonge vya hidroksidi ya potasiamu, ambavyo kwa kawaida huwa na asilimia 85 ya hidroksidi na zilizobaki nyingi ni maji, katika lita 10 hutoa takriban moli 1.5 kwa lita (moli ni kipimo cha wanakemia cha kiasi cha kitu, na milimoli ni sehemu yake ya elfu). Tone la bureti ni mililita 0.05. Tone moja la bathi basi lina milimoli 0.076 za alkali.

Sasa tazama upande wa pili. Fundi alipima gramu 10 za oleini yenye asidi asilimia 0.10. Hizo ni miligramu 10 za asidi ya palmitiki, na kwa kuwa moli moja ni gramu 256, ni milimoli 0.039. Tone zima la bathi lina alkali karibu mara mbili ya asidi yote iliyomo kwenye sampuli! Robo ya tone, kiasi kisichoonekana kikikauka ukutani, hushusha jibu kutoka 0.10 hadi 0.05. Hapo ndipo 0.03 na 0.05 za asubuhi na mchana zilipotoka. Zamu ya usiku ilikuwa imeosha flaski zake kwa sabuni ya kawaida na maji tu, kwa sababu usiku pipa lilikuwa limefungwa stoo. Jibu lake la 0.09 ndilo lililokuwa karibu na ukweli.

Kwa nini hitilafu haikuonekana miezi yote ya nyuma kwenye mafuta ghafi? Kwa sababu mafuta ghafi yenye asidi asilimia 4, yakipimwa gramu 5, yana milimoli 0.78. Robo ile ile ya tone hupunguza jibu kwa sehemu mbili na nusu tu katika mia, na fundi huliona kuwa tofauti ya kawaida. Kosa lilijificha kwenye ghafi likaibukia kwenye safi. Yeyote anayekagua maabara ya aina hii na aanzie kwenye sampuli zenye asidi kidogo kabisa.

Kulikuwa na kosa la pili lililolikuza la kwanza. Njia ya AOCS (Chama cha Wanakemia wa Mafuta cha Marekani) Ca 5a-40 kwa mafuta yenye asidi chini ya asilimia 0.2 huagiza gramu 56.4 za sampuli. Maabara ilitumia gramu 10 ili kuokoa spiriti. Kwa gramu 10, tone moja la hidroksidi ya moli 0.1 ni sawa na asilimia 0.013 ya asidi. Kwa gramu 56.4 ni 0.0023. Ubahili wa spiriti uliligeuza kila tone kuwa hukumu.

Suluhisho halikuwa kulitupa pipa. Lilikuwa kuandika upya jinsi linavyotayarishwa na jinsi chombo kinavyotoka humo.

Kutayarisha lita 10: pima lita 2 za maji yaliyokenekwa kwenye ndoo ya plastiki ngumu, iketishe ndoo ndani ya karai la maji na barafu, kisha tia kilo 1 ya vidonge kidogo kidogo, gramu 100 hivi kila mara, ukikoroga kwa fimbo ya plastiki. Usimwage vyote kwa pamoja. Moli 15 za hidroksidi ya potasiamu zikiyeyuka hutoa zaidi ya kilojuli 800, zinazotosha kuzifikisha lita 2 za maji kwenye mchemko na kukurushia alkali usoni. Kilo moja ya barafu humeza kilojuli 334 ikiyeyuka, kwa hiyo tayarisha kilo 3. Mchanganyiko ukishapoa hadi joto la chumba, mimina ndani ya lita 8 za isopropanoli zilizo tayari kwenye pipa lenye kifuniko cha kubana, taratibu, huku ukikoroga. Ukiona tabaka mbili, koroga tena kabla ya kutumbukiza chombo. Vaa glavu ndefu za mpira, miwani inayofunika pembeni, na aproni ya plastiki. Alkali hii kwenye ngozi huteleza kama sabuni kwa sababu inayageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni kweli, na kwenye jicho haisubiri.

Vidonge vyenyewe havivumilii hewa ya pwani. Kopo likiachwa wazi hapa vidonge hulowa na kugandamana mbele ya macho, na uzito unaopima unakuwa wa maji. Fungua, pima, funga.

Mchana pipa lilikuwa likiwekwa chini ya meza ile ile yenye hotipleti. Mvuke wa isopropanoli huweza kushika moto kuanzia takriban nyuzi 12. Katika mji ambao chumba kisicho na kiyoyozi hubaki juu ya hapo hata usiku, pipa lililofunuliwa liko tayari kuwaka saa 24, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Lilihamishiwa chumba cha kuoshea, mbali na kifaa chochote chenye joto au cheche. Hili lilistahili kufanywa hata kama majibu yote yangekuwa sawa.

Chombo kikae humo nusu saa hadi saa mbili, kikiwa kimeshamwagwa mafuta na kupanguswa kwa karatasi. Mafuta mengi yakiingia pipani huimaliza alkali na kulijaza pipa sabuni. Flaski za ujazo, pipeti na bureti zisilale humo: alkali hula kioo, na chombo cha ujazo kilicholiwa hakipimi tena kile kilichoandikwa shingoni. Vichujio vya kioo chenye vinyweleo visiingie kabisa. Alumini hata kwa bahati mbaya isiingie, maana huyeyuka na kutoa hidrojeni juu ya pipa la spiriti.

Kutoka ndipo palipoharibika. Zamu ya asubuhi ilitoa flaski kwa koleo, ikaisuuza mara moja kwa maji ya bomba, ikaiweka kwenye oveni. Maji ya bomba ya kiwanda hutoka kisimani, nayo ni magumu na ya chumvichumvi kama visima vingi vya Mombasa. Sabuni ya potasiamu ikikutana na kalsiamu ya maji magumu huwa sabuni ya kalsiamu, isiyoyeyuka, na hubaki ukutani kama utando wa kijivujivu ulioifunika alkali chini yake. Oveni ikaukausha. Mtu akafikiri kioo kimechakaa.

Kuna mtego mwingine hapo. Ukiuona utando ule ukaumwagia asidi, sabuni hurudi kuwa asidi ya mafuta, nayo haiyeyuki katika maji. Hubaki kwenye kioo na safari hii huongeza jibu badala ya kulipunguza. Kwa hiyo mpangilio ni huu na haupinduliwi: acha chombo kichuruzike juu ya pipa, suuza mara mbili kwa maji yaliyokenekwa, si ya kisima, osha kwa sabuni ya maji na brashi, suuza, tumbukiza dakika tano kwenye asidi hafifu ya haidrokloriki (mililita 25 za asidi kali ndani ya lita moja ya maji, asidi iingie majini na si kinyume), suuza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, malizia na spiriti kidogo inayozungushwa ndani na kumwagwa. Maji yashuke ukutani kama shuka moja bila kujigawa matone. Kisha flaski moja katika kila kundi hupimwa tupu: mililita 50 za spiriti iliyosawazishwa na kiashiria. Isigeuke pinki yenyewe, na tone moja la hidroksidi litoshe kuigeuza. La kwanza hukamata alkali iliyobaki, la pili hukamata asidi. Kundi likishindwa, linarudi lote.

Fundi mmoja mzee alipendekeza irudishwe ile ya zamani ya daikromati na asidi kali ya salfuriki. Hapana. Kromu ya aina hiyo husababisha saratani, hung'ang'ania kioo, na taka yake haina pa kwenda kwa urahisi.

Bathi ya kupashia

Hapa pana machache. Njia ya joto la ukungu, AOCS Cc 6-25, hutaka sampuli ipashwe hadi nyuzi 130 muda mfupi kabla ya kupima. Sababu ni mbili: kufukuza maji, na kuyeyusha mabaki yote ya fuwele yanayoweza kuwa mbegu za fuwele mpya. Mafuta yenye unyevu hutoa ukungu wa maji kabla ya ule wa stearini, na kwa macho huwezi kuutofautisha.

Zamu ya asubuhi ilikuwa imeishiwa mafuta ya silikoni, ikatumia bathi ya maji yanayochemka. Maji hayapiti nyuzi 100 hata ukiyapandishia moto vipi, na mafuta yaliyo ndani ya chupa hubaki chini kidogo ya hapo. Unyevu ulibaki. Hiyo ni sehemu ya 11.5.

Zamu ya mchana ilitatua upungufu kwa oleini ya kiwandani kama mafuta ya bathi. Imejaa tele, kwa nini mtu anunue silikoni? Kwa sababu mafuta ya kula yakikaa kwenye nyuzi 140 siku baada ya siku hushika oksijeni, huwa mazito, hutoa moshi, hujipaka gundi kwenye kuta, na tone lake likidondokea kwenye sampuli lina asidi kuliko sampuli yenyewe. Parafini ya maji hufaa hadi karibu nyuzi 150. Gliseroli hufika hapo pia na huoshwa kwa maji, lakini huvuta unyevu, na Mombasa unyevu ndio tunao. Silikoni hustahimili nyuzi 200 kwenye bathi ya wazi na hudumu. Ubaya wake ni kwamba ikishika kioo asetoni haiiondoi, inabidi eta ya petroli kwanza, mbali na moto, ndipo chombo kiende kwingine.

Lipi lichaguliwe? Kwa kipimo hiki tungeiacha bathi ya mafuta kabisa. Mililita 60 hadi 75 za sampuli ndani ya bika ya borosilikati (kioo kinachostahimili joto), juu ya hotipleti yenye kikorogeo cha sumaku, kipimajoto ndani ya sampuli yenyewe, hufika 130 kwa dakika chache, na chupa ya kupozea haipati utando wa mafuta nje. Utando huo ulikuwa ukihamia kwenye bathi ya barafu na kuelea juu.

Wanaobaki na bathi ya mafuta kwa kazi nyingine wasijaze zaidi ya theluthi mbili. Silikoni hutanuka takriban sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi. Kutoka 28 hadi 150 ni ongezeko la zaidi ya sehemu 10 kwa mia, na lililozidi humwagikia kwenye sahani ya moto. Bathi iwe nyuzi 10 hadi 20 juu ya joto unalotaka ndani ya flaski, na ikorogwe. Maji yasiikaribie. Tone la maji likizama kwenye mafuta ya nyuzi 130 hugeuka mvuke wenye ujazo wa zaidi ya mara 1,600 na kuyarusha mafuta. Anayetoka kusuuza vyombo kwa mikono iliyolowa akaushe mikono kwanza.

Karai la barafu

Hapa ndipo nyuzi 5.8 na 11.5 zilipozaliwa, kwa njia mbili zinazokwenda kinyume.

Barafu ilinunuliwa kwa mapande, ile ile wanayonunua wavuvi. Zamu ya usiku iliyavunja makubwamakubwa, ikayaweka kwenye karai la bati bila maji, ikachomeka chupa katikati. Barafu isiyo na maji hugusa chupa mahali pachache tu. Kwingine ni hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Mafuta yalipoa upande mmoja. Isitoshe, fundi aliacha kipimajoto kimening'inia bila kukoroga, akawa anachungulia kila baada ya muda. Mafuta yaliyotulia hupoa kupita joto lake la ukungu bila fuwele kuanza, kisha fuwele huja ghafla. Kwenye daftari lake kulikuwa na ushahidi ambao hakuutilia maanani: baada ya kuona ukungu kwa 5.8, kipimajoto kilipanda hadi 6.9. Fuwele zikizaliwa hutoa joto. Kipimajoto kinachopanda wakati wa ukungu kinasema kwamba mafuta yalikuwa yamepita pale, na jibu lifutwe.

Zamu ya asubuhi ilikuwa na haraka. Iliongeza chumvi ya bahari ya Gongoni kwenye barafu. Sehemu tatu za barafu kwa moja ya chumvi, kwa uzito, huweza kinadharia kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwenye karai la kawaida ni kati ya 10 na 18 chini ya sifuri. Bathi hiyo ni sahihi kwa kazi yake, kwa mfano mmenyuko unaotakiwa kukaa chini ya sifuri. Kwa oleini inayopata ukungu karibu na nyuzi 9 ni baridi kupita kiasi. Mafuta yanayogusa kioo huganda wakati ya katikati, ambako kipimajoto kipo, bado yako 12. Jicho linaona ukungu wa ukutani, mkono unaandika joto la katikati.

Pwani ikaongeza lake. Fundi wa asubuhi alitoa chupa kwenye bathi ili aitazame kwenye mwanga wa dirisha. Hewa ya Mombasa huanza kudondosha umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 23 hivi. Chupa ya nyuzi 12 ikitolewa hufunikwa na umande kwa sekunde, na umande wa nje huonekana sawasawa na ukungu wa ndani. Dawa yake: kitambaa laini chenye spiriti kidogo, pangusa, tazama, rudisha, na hata kiyoyozi kikiwashwa, usikiamini mpaka uone kioo kimekauka.

Barafu iliisha haraka, ndiyo sababu watu wakakimbilia chumvi. Lakini haikuishia kwenye mafuta. Mililita 45 za oleini, karibu gramu 40, zikishushwa kutoka 130 hadi 8 hutoa takriban kilojuli 10, ambazo huyeyusha gramu 30 tu za barafu. Kilo nzima iliyeyushwa na chumba, kupitia bati la karai lililowekwa dirishani. Kuli boksi ndogo ya wauza samaki, yenye kifuniko kilichotobolewa tundu la chupa, ilimaliza tatizo hilo kwa bei ndogo kuliko mfuko wa chumvi wa kila wiki.

Utaratibu mpya: barafu ivunjwe vipande visivyozidi ukucha wa gumba, iongezwe maji mpaka vipande vielee kidogo, ikorogwe, na joto lipimwe, iwe kati ya 0 na 2. Barafu ikisoma chini ya sifuri bila mtu kuiwekea chumvi, ilitengenezwa kwa maji ya chumvi, irudishwe. Mafuta ya 130 yamiminwe, mililita 45, kwenye chupa ya borosilikati iliyokauka, yapoe hewani mpaka chupa ishikike kwa mkono. Kioo cha kawaida kikitoka 130 na kuingia kwenye barafu hupasuka. Kisha yaingie kwenye bathi. Yakifika nyuzi 10 juu ya joto linalotarajiwa, kipimajoto kianze kuzungushwa kwa kasi na bila kukatika, kisitolewe ndani ya mafuta hata mara moja, maana kikirudi huleta viputo vya hewa. Jibu ni joto ambalo sehemu ya kipimajoto iliyozama haionekani tena ukitazama kwa usawa kupitia chupa. Usitazame kutoka juu.

Majibu ya marudio

Sampuli ile ile, zamu zile zile, bathi zikiwa zimetayarishwa upya na gramu 56.4 zikitumika kwa asidi: ukungu 8.9, 8.8 na 8.5, asidi 0.088, 0.090 na 0.089. Mafuta yalikuwa halali tangu mwanzo, lakini karibu na mipaka yote miwili, na shahada yenye 0.03 ilikuwa imempa mnunuzi picha ya mafuta mengine.

Zamu ya usiku bado iko chini kidogo kwenye ukungu. Taa ya meza yao hutoka juu, na ukungu mwembamba huonekana baadaye kuliko kwenye mwanga wa dirisha. Wamewekewa taa ndogo nyuma ya karatasi nyeupe kwa usawa wa chupa. Ikiwa tofauti itabaki zaidi ya nyuzi 0.3, kipimo cha mzozo kifanyike mchana.

Pipa la zamani, lililokuwa limegeuka kahawia na kujaa sabuni, halikumwagwa kwenye sinki. Liliondolewa ukali wa alkali kwa asidi hafifu ndani ya karai la barafu, tone kwa tone, likiwa chini ya chemba ya kutolea hewa, mpaka karatasi ya kiashiria ikasoma kati ya 7 na 8. Hata baada ya hapo bado ni kimiminika kinachowaka, kwa hiyo kikatiwa kwenye mtungi wenye lebo ya tarehe na yaliyomo, kikasubiri mchukuzi mwenye leseni ya taka hatari ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Pipa jipya lina lebo ya tarehe ya kutayarishwa, na hubadilishwa likianza kuwa kahawia nzito au flaski yenye mafuta ikitoka humo baada ya saa mbili bado inateleza.